Boti ya wazi kwa safari ya siku nne: uiache wazi, uweke masanduku au uifunge deki yote?

Shemeji yangu wa Uvinza ana boti moja tamu sana, ya wazi, chini bapa, mbele na nyuma imeinuka kama ndizi, urefu mita 5, sakafu pale katikati ina upana wa mita 1.2 na kuta zimetanuka kwenda nje. Aliichongesha kwa mafundi wa Katonga, mwalo wa hapa Kigoma, kwa vipimo alivyowaonyesha kwenye simu, ile aina ya boti za mto McKenzie huko Oregon, Marekani, wenyewe wanaziita drifti boti. Mpiga makasia anakaa katikati anaangalia kule maji yanakoenda, na akipiga kasia anavuta kurudi nyuma ili boti ipunguze mwendo apate muda wa kuchagua njia kati ya mawe. Kwa mto ni akili kubwa. Safari ya kuingia asubuhi na kutoka jioni haina shida yoyote.

Shida imeanza alipopata wazo la siku nne. Kanipigia usiku, "Shem, nataka niifunge juu yote, deki mwanzo mwisho kama zile za Grand Canyon, halafu nishuke Malagarasi na wageni mpaka ziwani, mchele ndani, mahema ndani, hakilowi kitu." Nikamwambia sawa shem, na pale kwenye maporomoko ya Igamba utaibeba na nani? Akanyamaza kidogo, af akasema "si tutakuwa wanne." Hapo ndo nikaona bora nikae niandike vizuri, maana si yeye peke yake, hapa Kigoma kila mwenye boti ya wazi akishapata mgeni mmoja wa kumpeleka kusini siku kadhaa anaanza kuwaza kuifunga, na kila mtu anafunga anavyojua yeye.

Njia zenyewe ziko tatu. Ya kwanza unaiacha wazi ilivyo, mizigo inaingia kwenye mapipa na mifuko isiyopitisha maji, unaongeza vitu vya kuelea. Ya pili ni masanduku ya pembeni, boksi mbili ndefu za plaiwudi kulia na kushoto, mpiga makasia anakaa katikati kama yuko kwenye mfereji, na mbele kwenye omo unaweka kifuniko kifupi, na vyote hivyo vimefungwa kwa bolti, siku ukitaka unavitoa. Ya tatu ni deki nzima ya kudumu, yanabaki mashimo ya watu kukaa tu, kwingine kote kumezibwa. Iko na ya nne, uuze boti ununue rafti ya mpira ya kujaza upepo, ile ambayo sakafu yake inamwaga maji yenyewe, na kusema kweli kwenye mto wa mawe rafti inaishinda boti ya mbao, inagonga jiwe inadunda inaendelea, ila ikipasuka kiraka chake na gundi yake Uvinza utavitoa wapi, na shemeji boti yake haiuzi, kwa hiyo hiyo naiacha hapohapo.

Tuanze na hao Wamarekani maana ndo waliomtia shemeji moto. Mto Colorado pale Grand Canyon ni kilomita kama 446 za korongo, watu wanakaa humo wiki mbili na zaidi, maji ni makubwa, na tangu bwawa la Glen Canyon lianze kuzuia maji mwaka 1963 yanayotoka ni ya baridi kweli maana yanatoka chini kwenye kina. Mtu wa kwanza kujulikana aliyeongoza msafara kupita humo, John Wesley Powell, aliondoka Green River, Wyoming, tarehe 24 Mei 1869 na wenzake 9 na boti 4, na boti zile zilikuwa na vyumba vilivyofungwa mbele na nyuma, katikati wazi. Moja ilivunjikia kwenye mawe hata mwezi haujaisha. Mwaka 1962 akina Martin Litton na P.T. Reilly wakapita humo na boti za ukoo wa McKenzie zilizofungwa deki, na kizazi cha boti hizo, wanaziita dori, ndo hicho shemeji anakiona kwenye video. Mwaka 1983 dori moja ya mbao, Emerald Mile, ilimaliza korongo lote kwa saa 36 na dakika 38 mto ukiwa umefurika. Kwa hiyo deki ina heshima yake, siibezi hata kidogo. Ila angalia, wale walikuwa na maji makubwa yanayoingia ndani kila baada ya muda, na dori haibebwi mgongoni kuzunguka kila kikwazo, inashuka nayo hivyohivyo. Sisi hatuko hivyo. Malagarasi chini ya Uvinza ni maji ya kasi yenye mawe, kiangazi yanapungua mpaka unaburuza tumbo la boti, kuna viboko kuna mamba, na kuna Igamba ambapo hakuna mjadala, boti inatoka majini inabebwa. Halafu ukitoka mtoni unakutana na Ziwa Tanganyika, ambalo ni habari nyingine kabisa.

Sasa kitu ambacho watu hawaulizi. Wote wanauliza "mzigo utalowa?" Mi naona swali la kwanza ni boti ikishajaa maji inabaki na nini.

Hilo nililijua mwezi wa nane mwaka mmoja, nje ya mdomo wa Malagarasi, upande wa Ilagala. Tunarudi kutoka Sigunga, boti yangu ya wazi, mashine ya HP 15, mimi, kijana wangu wa mashine na mama wawili tuliowapa lifti na viroba vyao vya dagaa. Upepo wa kusi uko nyuma yetu, ziwa hili limelala kaskazini kusini kwa hiyo miezi ya kiangazi upepo unasukuma mawimbi njia ndefu bila kizuizi, na pale mto unapotoa maji yake mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama. Wimbi moja likapanda kwa nyuma, wala halikutupiga, lilipanda tu likaingia kama mtu anayepanda daladala. Maji ya kifundoni. Nikasema tutakumba kwa ndoo, kazi ndogo. Kijana akageuza boti kidogo tu, yale maji yote yakakimbilia kushoto, boti ikalala upande huo, na wimbi la pili likapita hapohapo palipolala bila hodi. Basi. Tezi, yaani nyuma, ikazama na mashine yake, omo ikabaki juu kwa sababu kulikuwa na madumu matatu matupu niliyoyafunga pale chini ya omo kwa mpira wa bodaboda, wala sikuyafunga kwa usalama, nilikuwa nayarudisha tu mjini yakajazwe petroli. Tukashika hapo mpaka kipe, boti ya wavuvi, ikaja. Wote tulikuwa na laifujaketi, ila mama mmoja alikuwa amelikumbatia dumu kama mwanawe na hata ndani ya kipe alikataa kuliachia. Na mchele? Mchele ulikuwa kwenye pipa la bluu, ulifika Kigoma mkavu kabisa tukaupika. Mzigo haukulowa na boti ilizama, ndo maana nasema swali la mzigo sio la kwanza.

Haya, hesabu, na shemeji asiruke hapa. Boti yake ukiondoa zile ncha mbili zilizobana, sakafu inayobeba ni kama mita mraba 4.2, kwa hiyo kila kilo 42 zinaishusha sentimita 1. Boti tupu tuseme kilo 250, watu wanne 280, mizigo 150, jumla 680, inakaa sentimita 16 ndani ya maji. Sasa wimbi liijaze mpaka sentimita 30 kutoka sakafuni, hiyo ni lita 1,260, tani moja na robo, na kwa ndoo inayochota lita 15 kwa mkupuo ni ndoo 84 kama hakuna tone jingine litakaloingia, na litaingia. Weka masanduku ya pembeni, kila moja upana sentimita 30, kimo 40, urefu mita 3, na omo na tezi umeziba. Maji yanabaki na ule mfereji wa katikati tu, upana sentimita 60 kwa mita 3, yakifika sentimita 30 ni lita 540. Ndoo 36. Mtu mwenye hofu ya kweli ndoo 36 anazimaliza, nimeona. Deki nzima inapunguza zaidi, maji yanabaki kwenye yale mashimo ya miguu, labda lita mia moja au mia mbili kutegemea umeyachimba vipi, na hapo kwa maji peke yake deki imeshinda, hakuna ubishi.

Ila wingi wa maji ni nusu ya hadithi, nusu nyingine ni yale maji kukimbia upande kwa upande, ndo yaliyotuzamisha. Nguvu ya dimbwi kulaza boti inakwenda na upana wa dimbwi mara upana mara upana, urefu ukibaki uleule. Maana yake ukipunguza upana kutoka sentimita 120 mpaka 60, yaani nusu, nguvu ile haiwi nusu, inakuwa moja ya nane. Moja ya nane! Na hapa ndo wengi wanapokosea, wanafunga omo vizuri, wanafunga tezi, inapendeza, katikati wanaacha bwawa la upana wote kama zile boti za Powell, kisha wanashangaa boti imelala. Kufunga ncha kunasaidia boti isizame kabisa, lakini kinachofanya isilale ni kuziba pembeni. Kama una hela ya plaiwudi mbili tu, weka pembeni kwanza.

Sasa sanduku litavuja. Nasema hivi mapema ili tusidanganyane. Utaweka mpira wa tyubu kwenye ukingo wa mfuniko, utaweka komeo mbili tatu za kubana, utapaka silikoni kila kona, mwezi wa kwanza kavu, boti ikishagonga mawe mawili na jua la Uvinza likishaipindisha mbao kidogo linavuja. Kwa hiyo usitegemee hewa iliyo ndani ya sanduku, tegemea hewa iliyo ndani ya dumu lililo ndani ya sanduku. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula, tupu, limekazwa vizuri, linakupa kama kilo 19 za kuelea na halijui kama sanduku limevuja. Sita kila upande, yamebanwa yasichezecheze, una kilo zaidi ya 220 za uhakika ambazo hazikugharimu kitu cha maana, na nafasi iliyobaki unaweka mahema na nguo. Kuna watu wanajaza povu jeupe lile la kufungia televisheni, sawa linaelea, ila petroli ikilidondokea linayeyuka, na resini ya kawaida ya faiba inaliyeyusha vilevile, utashangaa umepaka faiba juu ya povu asubuhi unakuta shimo. Ile povu ya kumimina inayoumuka yenyewe ni nzuri zaidi lakini ukiimimina ndani ya mbao maji yakashaingia hayatoki tena, inabaki mbao inaoza kimyakimya na boti inaongezeka uzito kila msimu. Dumu unalitoa, unalikagua, unalirudisha.

Wajanja wa deki watasema wao watainua sakafu juu ya usawa wa maji waweke matundu pembeni, maji yanayoingia yatoke yenyewe, kazi ya kukumba iishe. Sawa, rudi kwenye zile sentimita 16. Sakafu ikiwa chini ya hapo matundu yanaingiza maji badala ya kutoa, kwa hiyo lazima iwe juu, tuseme 20 au 22 ili hata mtu akiegemea upande mmoja bado inatoa. Maana yake watu wote na viti vyote na mpiga makasia vimepanda sentimita 20, boti iliyokuwa imetulia sasa inayumba kama mtu aliyebeba ndoo kichwani mara ya kwanza, na ukiongeza mgeni mmoja mwenye begi zito sakafu imeshuka tena na matundu yameanza kukuletea ziwa ndani. Inafanya kazi kwa boti iliyopimwa na kuchorwa hivyo tangu mwanzo, kuibandika kwenye boti iliyokwisha kuchongwa ni kubahatisha.

Twende kwenye uzito, maana Igamba inasubiri. Plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, bodi moja ni kilo kama 35. Ya milimita 9 ni nusu yake. Masanduku yangu ya milimita 9 na fremu zake yalifika kilo 50 hivi, na yanatoka, unabeba masanduku mara moja, unarudi kubeba boti, watu wanne na vijana wawili wa kijijini mnamaliza. Deki nzima ya maana, yenye kubeba mtu akisimama juu, na mataruma, zile mbao za mbavu, ya kuishikilia chini, usitegemee iwe chini ya kilo 100, na haitoki. Boti ya kilo 250 inakuwa 350 na kuendelea. Watu wanne, kila mmoja karibu kilo 90, kwenye mawe yenye utelezi. Shem, hapana. Ukisema utakodi watu kumi sawa, lakini hiyo iweke kwenye bajeti sasa hivi, usije kuikumbukia umesimama pale na maporomoko yanakupigia kelele.

Kuhusu plaiwudi yenyewe neno moja ambalo limenigharimu. Dukani utaambiwa "chukua hii, marini bodi", na utapewa ile yenye uso mweusi au kahawia unaong'aa, ya kumwagia zege. Gundi yake kweli inahimili maji, lakini ule uso unaong'aa haushiki rangi wala faiba mpaka uukwangue wote kwa msasa, na ndani yake mara nyingi kuna mapengo kati ya tabaka, ukikata unaona tundu kabisa, na maji yakipita kwenye skurubu yanatembea ndani ya yale mapengo mpaka upande wa pili. Nilinunua bodi tatu hivyo, duka silitaji, na muuzaji wala hakuwa anadanganya, kwake yeye hiyo ndo marini. Saivi nikinunua naangalia ubavu wa bodi kwanza, nikiona mapengo naacha, na kila ukingo niliokata naupaka resini mara mbili kabla ya kufunga chochote. Resini ya epoksi inashika mbao vizuri kuliko ile ya kawaida ya faiba, ni ghali, basi itumie kwenye viungo na kingo tu kwingine paka rangi ya mafuta. Skurubu za stenlesi, usiweke misumari ya bati, nitakuona mwakani.

Kuishi ndani ya boti siku nne. Hapa deki inanivutia, nakiri. Sehemu bapa ya kulala juu ya maji, wale wa Grand Canyon wanalala juu ya dori zao usiku, na kando ya Malagarasi ambako kiboko anatoka usiku kula majani na hataki kukuta hema lako kwenye njia yake, kitanda kisicho nchi kavu kina utamu wake (ingawa kiboko ndani ya maji naye yupo, kwa hiyo usijidanganye sana). Ila masanduku mawili ukilaza mbao tatu kupita juu ya mfereji unapata kitanda kilekile cha mita 3, asubuhi mbao zinarudi kuwa benchi na meza ya kukatia vitunguu. Boti ya wazi kulala ni mateso, unalala kwenye mataruma na kale kamaji ka chini kanakuchezea mgongo. Kwa chakula ni kinyume, boti ya wazi unafungua pipa unachukua chumvi, deki unafungua mfuniko, unaingiza kichwa, unatoa hema, unatoa godoro, chumvi iko chini ya vyote, na wakati huo shimo liko wazi na wimbi linakuja. Masanduku yakiwa na mifuniko midogo midogo mitatu kila upande, kila mmoja na kazi yake, unamaliza haraka. Na kitu chochote kilichofungwa, jioni kifungue kipumue, joto la mchana linafanya ndani kutoe jasho, ukiacha siku tatu mchele unanuka kama soksi na mbao inaanza ukungu. Deki ya kudumu kuna kona hujawahi kuzifikia kwa mkono, huko ndo kuoza kunaanzia.

Ukarabati naupita haraka: boti ya wazi ikitoboka unaona tundu, unalikalafati kwa pamba na mafuta palepale. Masanduku unafungua bolti nne unaona tundu. Deki, maji yanaingia na hujui yanaingilia wapi, utaanza kutoboa deki yako mwenyewe kutafuta.

Ikipinduka je? Ya deki ndo rahisi kuigeuza, hiyo lazima niseme, imejaa hewa, inaelea juu, mkifunga kamba kupita tumboni mapema watu watatu wanapanda juu yake wanavuta wanaigeuza, mnaendelea. Ya masanduku inageuka kwa shida kidogo lakini inageuka, mradi masanduku yamefungwa kwa bolti za kupita hadi kwenye mataruma. Mikanda peke yake ikilegea masanduku yanaondoka yenyewe kama mitumbwi miwili midogo na wewe umebaki. Ya wazi imejaa maji huigeuzi mkiwa katikati ya mkondo, mnaishikilia tu mpaka itulie mahali. Na kwa zote tatu, kamba ndefu zisining'inie, na kisu kiwe kifuani, sio ndani ya sanduku.

Halafu ziwa. Ukishatoka mtoni unafunga mashine, na mashine inakuja na petroli, hapa ndo deki inanitisha kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, kwenye boti ya wazi upepo unauondoa, kwenye boti iliyofungwa unakaa humo ndani unasubiri mtu awashe jiko. Dumu la petroli lisiingie kwenye sanduku lililofungwa, hata siku moja, hata kama linaonekana limekazwa. Linakaa wazi, nyuma, limefungwa kamba, mbali na mkaa. Na mashine ya HP 15 ina karibu kilo 40 zimening'inia tezi, kwa hiyo huko nyuma ndo madumu matupu yanahitajika zaidi, mi niliyafunga mbele kwa bahati tu na ndo maana tezi ilikwenda. Na ukianza kubeba wageni wa kulipa, TASAC, wale wa serikali wanaokagua vyombo vya majini, lazima waione boti na wajue umeibadilisha nini, ukaguzi wa zamani wa boti ya wazi usiufiche mfukoni ukadhani unatosha.

Kwa hiyo mi naona hivi. Kama safari zako ni siku moja au mbili, karibu na kijiji, iache wazi, nunua mapipa ya bluu ya lita 60 yale ya pete ya chuma, funga madumu matupu pembeni chini ya benchi na nyuma, hela iliyobaki nunua laifujaketi za saizi ya kila mtu hadi mtoto. Kama una boti mpya bado haijachongwa, na unataka ziwa tu, kwenda hadi pwani ya Mahale na kurudi, na hutaibeba popote, basi kaa na fundi achore deki tangu mwanzo na sakafu yake iwe imehesabiwa, itakuwa boti nzuri kuliko zote hapa. Kwa shemeji na wote wenye boti ya wazi tayari, inayopita mto wenye mawe, inabebwa mahali, inamalizia ziwani, ni masanduku ya pembeni. Yanakata maji kuliko nusu, yanakata nguvu ya maji kulaza boti mpaka moja ya nane, yanatoka, na ukiyachukia mwakani unayafanya kabati.

Nilipomsomea shemeji akaguna guna, mwisho akauliza, "Sasa nitajuaje yanafanya kazi kabla sijawapakia watu?" Swali zuri. Tuliileta mwalo wa Katonga asubuhi moja ziwa limetulia, maji ya kiunoni, tukaweka mawe badala ya mizigo, tukachota maji tukajaza mfereji mpaka ulipokataa kuingia zaidi, kisha vijana wawili wakakaa ukingo mmoja. Ikainama, ikasimama hapo. Mzee mmoja fundi alikuwa anatutazama toka kwenye kivuli cha boti yake aliyoipindua, akasema "Mwanangu, sasa toeni dumu moja moja muone inakata tamaa kwa dumu la ngapi." Tukatoa. Upande wa kushoto ulikata tamaa tulipotoa la nne, tukaona silikoni ya kona ya nyuma imeachia na sanduku lenyewe limejaa maji nusu bila sisi kujua.

Shemeji kakubali masanduku. Ila kifuniko cha omo kakifanya kirefu kuliko nilivyomchorea, sentimita 90 nzima, bapa kabisa, anasema ni pa kumkalisha mgeni apige picha. Mkewe kaniambia ni pa kuweka tenga la kuku.